Mashine Kubwa, Malisho Madogo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile lori lilipoingia kwenye uwanja wa nyumba ya uzazi ya parokia yetu pale Bukavu, matope yamelijaa hadi madirishani, na mgongoni limebeba jenereta kubwa kuliko chumba nilichokuwa nalala. Vita vilikuwa vimetuzoesha kwamba lori likisimama mtaani, watu wafunge milango. Siku hiyo walifungua. Akina mama walipiga vigelegele, padri akatoka na maji ya baraka, na mimi, fundi wa umeme wa pale, nikasimama pembeni nimeshika kiuno. Moyo uliniambia kitu hiki hakitatufaa, lakini nani wa kusema asubuhi ya namna ile?

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi kutoka Kalehe. Umefungua zahanati yako, Mungu akubariki, ukaniambia kwa furaha kwamba umeona jenereta kubwa sana inauzwa. "Tonton, hii itabeba kila kitu, sitasumbuka tena." Nilikujibu kwa mkato nikakata simu, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa, na woga wa mzee hufanana na hasira. Jambo hili haliingii kwenye simu, kwa hiyo nimeamua kukuandikia. Maneno yangu huwa marefu, unanijua. Ukichoka, chemsha chai kisha uendelee.

Mwenye zawadi alikuwa Papa Mushagalusa, Mushi, mtu wa kabila letu, wa Walungu, aliyekwenda Kamituga ujanani kutafuta maisha kwenye dhahabu akawa mfanyabiashara. Mke wake alijifungulia kwetu kwa shida kubwa, na wote wawili, mama na mtoto, wakatoka wazima. Papa yule hakusahau. Alipoamua kutushukuru hakuuliza tunahitaji jenereta ya namna gani, aliuliza kubwa kuliko zote ni ipi, akanunua ile iliyokuwa ikiendesha mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Njia ya Kamituga unaijua, hata pikipiki huzama. Lori lile lilisukumwa na kukokotwa, likalala porini, likapita vizuizi vya askari ambao kila mmoja alitaka chake. Lilipofika, jenereta ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe: MUNIOMBEE, MUSHAGALUSA. Hakuna aliyeweza kusimama mbele ya upendo huo aseme umezidi kipimo.

Tena tulikuwa na sababu ya kupenda kitu kikubwa. Kabla ya hapo tulikuwa na jenereta ndogo, na siisifu hata kidogo. Ilibeba taa na friji ya damu bila shida, lakini ukiwasha pampu ya maji juu yake, inakohoa na kuzimika. Shika hili, mwanangu, maana wengi hawalijui: mota yoyote wakati wa kuamka hudai nguvu mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshazunguka. Ni kama kumwinua mgonjwa kitandani. Kumwinua ndiko kuzito, akishasimama anajikongoja mwenyewe. Jenereta yetu ndogo ililazimishwa kuinua wagonjwa kila siku mpaka injini yake ikakwama. Basi tuliapa wote kwamba inayokuja iwe kubwa, na mtu aliyechomwa na uji hupuliza hata mtindi.

Maman Nabintu, mkuu wa wakunga na rais wa kamati yetu, ndiye aliyetoa amri ya jinsi ya kuitunza. Huyu maman nilimpenda na kumwogopa. Alikuwa amewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule kwa mikono yake, na alipopita hata walevi walivua kofia.

"Musiichokeshe," alituambia. "Hii kitu imetoka mbali. Mutawasha paka taa ya salle na friji. Pampu, hapana. Pasi, hapana. Ile chombo ya kuchemushia bisu, hapana. Maji tutachota ku source."

Basi ikawa taa na friji tu, na maji ya chemchemi. Utamwelewa ukikumbuka desturi zetu. Kwetu Bushi, nchi yetu sisi Bashi, bibi-arusi akiletwa nyumbani hapewi jembe siku za kwanza. Anawekwa ndani, anapakwa siagi, analishwa vizuri, na wanawake wa nyumba wanamfanyia kila kazi. Anayemtuma kuchota maji mapema huonekana hana adabu kwa wakwe. Ile jenereta ikafanywa bibi-arusi. Ikajengewa kibanda cha mabati mapya, ikapanguswa vumbi kila asubuhi, na wakunga wakapanda mlima na madumu ya maji kichwani huku mashine yenye nguvu ya kusaga mawe inawasha taa chache na friji.

Injini ya dizeli haipendi heshima ya namna hiyo. Inapenda mzigo. Bila mzigo haipati joto lake. Mazuti, yaani mafuta yake ya dizeli, yanayoingia hayaungui yote, yanabaki ndani yakiwa kama lami nyembamba, yanaganda kwenye vali na kwenye pua za kunyunyizia mafuta, mengine yanatoka na moshi. Haukupita muda bomba la moshi likaanza kutoka udenda mweusi. Mashuka ya wazazi yaliyoanikwa uani yakapata madoa ambayo sabuni haikuyaweza. Sauti ya injini nayo ikawa inapanda na kushuka, na taa zikafuata sauti.

Na muda wote huo ilikuwa inakunywa. Watu hudhani jenereta kubwa ikibeba mzigo mdogo itakunywa kidogo, kama vile mtu mkubwa anayekaa tu. Hapana. Vyuma vyake vizito, feni yake, kila kitu chake lazima kizunguke hata kama hujawasha balbu moja, na mzunguko huo unalipiwa kwa mazuti. Kikulacho ki nguoni mwako. Tuliogopa waporaji wa nje, kumbe aliyetumalizia akiba alikuwa ndani ya kibanda chetu, tena tunampangusa vumbi.

Halafu vita vikachacha kwenye bonde la Ruzizi. Mazuti yetu yalikuwa yanapanda kutoka Uvira, na magari yalipoanza kuchomwa upande wa Sange, njia ikafungwa. Kila asubuhi nilikuwa nagonga mapipa kwa kifundo cha kidole kusikiliza kilichobaki. Pipa lenye mazuti hujibu kwa sauti nzito. Yetu yalianza kujibu kama ngoma.

Shida ya mapipa hayo ingeweza kuwa ya kamati tu, mimi nikaendelea kulala, kama isingekuwa dada yangu Furaha. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Aliacha shule ili mimi nisome umeme kwenye shule ya ufundi, na hakuwahi kunikumbusha hilo hata tulipogombana. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa kwa kupasuliwa, na daktari alimwambia waziwazi kwamba hii nayo ni kwa kisu, asithubutu kujaribu nyumbani. Magari ya kumpeleka hospitali kubwa yalikuwa yamechukuliwa na wenye bunduki, na hakuna aliyejua siku gani mji utapitika. Angepasuliwa kwetu. Nilikuwa namtazama tumbo linavyojaa, kisha naenda kugonga mapipa yanavyopungua.

Basi nikafanya kazi niliyosomea. Nilipita chumba kwa chumba nikaangalia kila kinachokula umeme: taa ya upasuaji, mashine ya kunyonya damu, friji, chombo cha kuchemshia visu, pampu. Nikajiuliza ni vipi vinaweza kuwaka pamoja na ni vipi vinaweza kusubiriana. Nikaongeza nguvu ya kuamsha mota iliyo kubwa kuliko zote. Mwisho wa hesabu nikaona kwamba vyote pamoja havifiki hata robo ya nguvu ya bibi-arusi wetu. Tulikuwa tumenunua sufuria ya harusi ya kuchemshia yai. Samahani, hatukununua, tulipewa, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Karibu na soko la Kadutu kulikuwa na mama mmoja mwenye kinu cha kusaga mihogo na mahindi, Maman Nsimire. Nilikuwa namtengenezea nyaya zake mara kwa mara. Jenereta yake ilikuwa ya dizeli, nzuri, ya saizi ya kati, na kinu kilikuwa kinaiua. Kila alipokiwasha, injini iliinama kama inaanguka, moshi mweusi ukajaza soko, na wateja wakarudi nyuma.

"Grupu yangu iko mudogo, moulin iko munene," aliniambia, maana hapa kwetu jenereta tunaiita grupu, na kinu moulin. "Kila asubuhi niko nasali rozari mbele ya kuiwasha. Siku Bikira Maria atachoka, njo mwisho yangu."

Nikaona jibu mbele ya macho yangu. Yake inakufa kwa kazi, yetu inakufa kwa kukosa kazi. Tubadilishane, basi. Nilikwenda kwenye kikao cha kamati nimejaa furaha, nikaeleza kila kitu kwa hesabu, na nilipomaliza hakuna aliyenitazama.

"Unataka twende kumuambia Papa Mushagalusa ile zawadi yake haina maana?" Maman Nabintu aliuliza polepole. "Ule mutu alipitisha ile kitu ku barrière yote. Na jina yake iko paka pale. Tuipeleke ku soko?"

"Maman, bora tupate haya kuliko mutu afe mu salle ya kupasulia," nikamjibu.

Wanawake waliokuwa wamemfia Maman Nabintu mikononi miaka ile ya vita alikuwa anawajua kwa majina, na mimi nilikuwa nimewataja wote kwa sentensi moja. Alilia bila sauti, na wengine wakaanza kunikemea.

Ndipo aliposema Muzee Murhula. Huyu alikuwa mwalimu aliyestaafu, mtoto wa Kabare aliyekulia nyuma ya ng'ombe kabla ya kusimama mbele ya ubao, na mle kikaoni alikuwa na tabia ya kufumba macho tukadhani amelala.

"Weye mutoto uko na haki," aliniambia, macho bado ameyafumba. "Lakini haki uko naitupa kama jiwe. Mutu akipigwa jiwe haulizi kama ni jiwe ya muzuri." Kisha akageuka. "Na weye, maman. Mutu akikupa ng'ombe, unaifunga mu salon juu ya heshima? Iko na njaa, unaipangusa vumbi? Siku atakuja kuiona utamuonyesha nini, ngozi?"

Hakuna aliyecheka, ingawa nilitamani nikimwaza ng'ombe sebuleni. Muzee akatukumbusha jambo ambalo kila Mushi amelikuta kwa babu yake. Ng'ombe wa kupewa kwetu haachi kuwa na jina la aliyekupa. Anakaa kwako, unakunywa maziwa, na siku moja ndama hurudi kwa mwenyewe. Malisho yako yakikauka, huna dhambi ukimpeleka kwa mwenye majani. Dhambi ni kumpeleka kimya. Unakwenda kwanza kwa aliyekupa, na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, unakaa chini, unamweleza kwa mdomo wako kabla hajaelezwa na njia. Nilikuwa nimesikia desturi hiyo tangu utoto na haikunipitia akilini kwamba inahusu chuma. Penye wazee haliharibiki neno, mwanangu.

Papa Mushagalusa alikuwa mjini, njia ya Kamituga nayo ikiwa imefungwa, amekaa kwake Bagira. Tulikwenda watatu: Muzee, Maman Nabintu na mimi nikiwa nimebeba mtungi. Muzee alinikataza nisiguse hesabu mpaka niulizwe. Tukapokewa vizuri, tukauliziana habari za watoto, za waliokimbia, za waliokufa, mpaka nikaanza kutokwa jasho. Halafu Muzee akafungua kifurushi alichokuwa ameshika tangu nyumbani, akatandaza magotini shuka moja la wazazi lenye madoa meusi.

Papa Mushagalusa akaligusa, akanusa kidole. "Hii ni mazuti mubichi. Imetoka wapi?"

"Ku bomba ya ng'ombe yako," Muzee alijibu. "Iko nalia. Kwetu haiko napata majani."

Niliona shingo ya mwenyeji wetu inavimba, nikajua ameumia. "Muko munarudisha zawadi yangu?" aliuliza, na hakumwuliza Muzee, alimwuliza Maman Nabintu aliyempokelea mwanawe.

"Papa, naipenda," Maman Nabintu alisema. "Njo kosa yangu. Niliipenda, nikakatala ifanye kazi."

Papa Mushagalusa alishika shuka lile tena, akalikunja polepole, na nilipomtazama alikuwa amekwenda mbali, kule Kamituga. "Kule ilikuwa nasaga majiwe tangu asubuhi mpaka magaribi," alisema. "Hata siku moja haikutoka hii uchafu. Moshi yake ilikuwa kidogo tu, hata hauioni." Kisha akanigeukia mimi. "Kwenu iko nabeba nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye taa na friji alijipiga kofi gotini, na nusu ya huzuni ikamtoka usoni. Mtu yule alijua injini kuliko tulivyodhani. Tulikuwa tumemwogopa bure, na kumwogopa huko tulikuita kumheshimu. Muzee akamweleza habari za kinu cha Maman Nsimire.

"Na jina yangu?"

"Itabaki pale ku ubavu. Kadutu yote itakula unga yako."

"Na ndama?"

Papa Mushagalusa aliuliza hivyo, kisha akajijibu mwenyewe: kila Jumamosi Maman Nsimire apeleke unga kwa wazazi waliolala kwetu, kwa ajili ya uji. Kisha akavuta mtungi, akanywa, akampa Maman Nabintu. Nilijua yamekwisha.

Maman Nsimire alikubali, na kuihamisha ile kubwa kulichukua wanaume wengi, magogo, na matusi ambayo sitakuandikia. Jenereta ya Maman Nsimire ikaja kwetu, yake ikawa ile kubwa, na kinu kilipoanza kusaga, udenda mweusi ulitoka kwa wingi siku za mwanzo, kisha moshi ukawa safi kama ulivyokuwa Kamituga. Yetu niliiweka mbali na madirisha ya wodi, moshi uelekee bondeni, kwa sababu moshi huo huua watu usingizini na wengi hawajali. Nilisafisha chujio la hewa nikaipima upya. Bukavu tuko juu, mwanangu, na Kalehe pia. Hewa yetu ni nyepesi, injini haivuti pumzi kama ikiwa kule chini Uvira. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake usiihesabu yote. Punguza kidogo kwanza ndipo upige hesabu zako.

Nikawafundisha wakunga kuwasha vitu kwa zamu. Pampu kwanza, peke yake, mpaka tangi lijae. Ikizimwa, chombo cha visu. Kikimaliza, ndipo chumba cha upasuaji. Hakuna kuamsha mota mbili kwa pamoja. Tulipowasha vya kutosha, injini ilikuwa inabeba kama robo tatu ya nguvu zake, na ilitulia kwenye sauti moja, sauti ya mtu anayelima bila kukimbizwa. Maman Nabintu alikuja kusikiliza, akasimama karibu yangu. Kesho yake aliniletea mihogo ya kuchemsha.

Furaha alishikwa na uchungu mchana mmoja wa mvua, kabla ya siku aliyopangiwa. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji mpaka chumba kikawa giza, umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na upande wa milimani risasi zilikuwa zinalia, mbali kidogo. Mapipa yalikuwa makavu. Nilikuwa na bidoni moja, dumu la mwisho la mazuti. Daktari alikuja kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini, akaniuliza kitu kimoja tu, kama taa itakaa. Nikamwambia itakaa. Nilimwambia kwa hesabu.

Nikakaa nje kwenye kibanda, mkono juu ya swichi ya pampu ili mtu yeyote asiiwashe kwa kusahau. Nikasikia injini ikishusha sauti kidogo, nikajua wamewasha mashine ya kunyonya damu. Ikainama, ikasimama. Baadaye mtoto akalia. Nilimshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyetoka. Nilijua kwa sauti ya injini kwamba damu haikatiki. Mashine ya kunyonya iliendelea kufanya kazi, taa iliendelea kuwaka, na mimi nilikuwa naona mazuti yanashuka kwenye bidoni ile nyeupe, kwa utulivu, kama maji kwenye kibuyu cha mtu mwenye adabu. Nilijua vizuri sana ile kubwa ingekunywa nini muda huo. Bidoni ile ingekauka mtoto anapolia, na daktari angebaki gizani na mikono yake ndani ya dada yangu. Nilifikiri hivyo waziwazi, kwa maneno hayo hayo, na nikalia pale peke yangu, kelele za mvua zikinifichia.

Hatimaye Maman Nabintu alitoka na aproni ya damu. Uso wake ulikuwa umechoka hata sikuweza kuusoma.

"Kumebaki mazuti ngapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha kidole changu kikiwa kimelazwa. Unene wa kidole.

"Daktari amemaliza. Iko muzima," alisema. "Lakini usizime sasa. Hajaona bado mutoto wake, na mule bila taa iko giza. Acha amuangalie."

Basi nikaiacha. Mazuti yale ya mwisho ya nyumba yetu, wakati hakuna aliyejua lori la Uvira litafika lini, hayakuwasha kitu kingine isipokuwa uso wa mtoto mbele ya mama yake. Injini ilipozimika yenyewe sikusikia majuto yoyote. Niliingia ndani nikipapasa ukuta, nikamkuta Furaha anamweleza mtoto gizani alivyo: pua ya baba yake, paji la uso letu sisi, kidevu hajui cha nani.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, usinunue kwa macho. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Kaa na wakunga wako kwanza, uwaulize nini lazima kiwake pamoja saa ya hatari na nini kinaweza kusubiri. Iongezee hesabu hiyo pumzi ya mota kubwa inayoamka, na upungufu wa hewa yetu ya juu. Kisha tafuta jenereta ambayo mzigo wako wa kawaida utaijaza zaidi ya nusu, hata robo tatu, ibaki na nafasi kidogo ya kuinua mgonjwa. Ikiwa mchana unahitaji nyingi na jioni kidogo tu, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ipumzike na siku ya ajali imwokoe mwenzake. Usiidekeze kwa kuinyima kazi, wala usiiue kwa kuzidisha. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na mtu akikuletea kubwa kwa upendo, pokea, piga vigelegele, mwombe padri aibariki. Kisha nenda kwake mapema, kaa chini, umwambie ukweli wa malisho yako. Wanaotupenda kweli hawapendi kuona zawadi yao inakufa kibandani. Hilo nililiona kwa macho yangu Bagira.

Mungu akupe mazuti yasiyokauka katikati ya kazi, na mikono isiyotetemeka. Akina mama wa Kalehe waingie kwako na uchungu watoke na furaha, na kila mmoja wao apate mwanga wa kutosha wa kumtazama mtoto wake.